Kitovu Kwenye Bahasha

Kitovu cha binti yangu kilidondoka siku ya tisa, asubuhi, nikimbadilisha nepi. Kilikuwa kimekauka, cheusi, chepesi, mfano wa kipande cha mzizi kilichosahaulika juani. Nikampigia Mama simu Kilifi kumpa habari njema, naye hakuuliza mtoto analalaje wala ananyonyaje. Aliuliza, "Mmekizika wapi?"

Tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu, nje kidogo ya jiji la Seattle. Udongo wote niliokuwa nao ulikuwa kwenye chungu kimoja cha mnanaa dirishani. Nikamwambia nitakizika. Nikakitia kwenye bahasha ndogo, bahasha nikaiweka ndani ya kipochi pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na humo kikakaa mwaka mzima na miezi saba.

Changu mimi kiko chini ya mnazi, nyuma ya jiko la bibi yangu. Mnazi wenyewe ulipandwa siku hiyohiyo, ukaanza kuzaa nikiwa darasa la pili. Nilipokuwa nikinuna na kutishia kuhama nyumba, Bibi alinionyesha ule mnazi kwa kidevu: "Nenda, lakini pacha wako huyu habanduki." Kwetu mtu akikuuliza kwenu ni wapi, haulizi unakolala. Anauliza kitovu chako kilizikwa wapi.

Mwaka jana mume wangu alitumwa kikazi wiki moja Kona, kwenye kile kisiwa kikubwa cha Hawaii, tukafuatana naye. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa kwenye ndege, na unaweza kuulizwa cheti kuthibitisha umri wake, basi nikachukua kile kipochi kama kilivyo. Bahasha ilikuwa ndani, wala sikuikumbuka.

Wenzetu wengi walioko Marekani huenda Hawaii kwa ajili ya fukwe. Mimi pia nilienda kwa ajili ya fukwe. Lakini mume alikuwa kazini mchana kutwa, mtoto alikuwa na mafua na sikutaka kumtia baharini, gari lilikuwepo, na ramani ilijaa alama ndogo za mahali pa kale. Ndivyo nilivyoanza kuzunguka, mwanangu mgongoni kwa leso, nikaishia kuyajua mawe ya watu kuliko fukwe zao.

Cha kwanza kilichonishika ni lugha. Kila neno lao linaishia na irabu, na irabu zao ni tano kama zetu. Nilisoma vibao vya barabarani kwa sauti bila kukwama: Kealakekua, Hōnaunau, Kawaihae. Neno lao kapu, ambalo kwetu ni kikapu kikubwa, kwao ni mwiko. Lima kwao ni mkono, na pia ni tano. Wamalagasi, jirani zetu wa kisiwani, husema dimy kwa tano, kwa kuwa lugha yao na ya Wahawaii zina bibi mmoja wa zamani sana. Wataalamu wengi huihusisha hata ngalawa yetu na mabaharia wa ukoo huohuo waliovuka Bahari ya Hindi. Nilipouona mtumbwi wao ufukweni, umefungwa ubao wa pembeni upande mmoja ili usipinduke, na kamba zenyewe za makumbi ya nazi, nilisimama pale kwa muda nikimwonyesha mtoto kwa kidole. Ngalawa yetu ina mbao hizo pande zote mbili. Hilo tu.

Mahali penyewe ni Puʻuhonua o Hōnaunau, kusini mwa Kona. Puʻuhonua ni mahali pa kukimbilia. Zamani maisha ya Wahawaii yalifungwa na kapu. Wanaume na wanawake hawakula pamoja. Mwanamke hakuruhusiwa kula nyama ya nguruwe, nazi, wala aina nyingi za ndizi. Kuvua samaki fulani nje ya msimu wake ilikuwa kosa, na kivuli chako kikiangukia mahali pa mtawala nalo lilikuwa kosa. Adhabu ya makosa mengi ya namna hiyo ilikuwa kifo, kwa sababu waliamini mwiko ukivunjwa bila kulipwa, miungu itaileta hasira yake juu ya wote kwa lava, wimbi la bahari au njaa. Mkosaji alikuwa na njia moja ya kuokoka: afike puʻuhonua kabla ya wanaomfukuza. Upande wa nchi kavu ulikuwa uwanja wa watawala, na huko hakuweza kupita, kwa hiyo wengi waliogelea kukatiza ghuba. Akishatia mguu, kuhani alimfanyia ibada ya kumtakasa, naye akarudi nyumbani kwake na asiguswe na mtu. Walioshindwa vitani walikimbilia hapo pia, na wazee, na akina mama na watoto wao.

Ukuta unaotenganisha uwanja wa watawala na mahali pa kimbilio bado umesimama. Urefu wake ni karibu mita 300, kwenda juu karibu mita 4, na unene wake unazidi mita 5. Hauna saruji wala chokaa wala udongo. Ni jiwe juu ya jiwe, jeusi, lililochaguliwa likakaa mahali pake. Nilisogea karibu hadi nikaona jinsi yale madogo yalivyochomekwa katikati ya makubwa, kila moja limekaba mwenzake. Nimekulia karibu na magofu ya Gede, najua ukuta wa matumbawe na chokaa, najua namna unavyomomonyoka pembe zikianza kulegea. Ule haukuwa na dalili hiyo. Mawimbi yanaupiga mwamba hatua chache kutoka hapo, na ukuta umetulia.

Mwishoni mwake, baharini kabisa, kuna nyumba ya kuezekwa kwa majani iitwayo Hale o Keawe, imezungukwa na sanamu ndefu za mti. Wao huziita kiʻi. Nyumba ya asili ilitunza mifupa ya watawala 23, na mifupa hiyo ndiyo iliyopatia mahali pale nguvu ya kuokoa, ile wanayoiita mana. Iliyopo leo imejengwa upya, na sanamu zimechongwa upya.

Nilipoziona sanamu zile koo lilinikauka. Mimi ni Mgiriama kwa upande wa mama. Babu yangu alikuwa na vigango viwili uani, yaani nguzo za mti zilizochongwa kuwakumbuka wafu, vya baba yake na ami yake waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Usiku mmoja, nikiwa bado mdogo, viling'olewa. Asubuhi tulikuta mashimo mawili, na Babu akatuzuia tusiyafukie. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba vigango vya Wamijikenda vimetawanyika Marekani, majumbani mwa matajiri na kwenye makumbusho, vikiitwa sanaa. Mwaka 2007 vilirudishwa Kenya viwili, na makumbusho mengine yakafuata baadaye. Vya Babu hatuvijui viliko. Pale Hōnaunau nikasoma kwamba mwaka 1825 manowari ya Kiingereza iitwayo Blonde ilikuja Hawaii kurudisha miili ya mfalme na malkia wa visiwa hivyo waliofia London kwa surua, na kabla ya kuondoka nahodha wake na watu wake waliingia Hale o Keawe, wakatoka na sanamu. Tangu 1990 Wahawaii wana sheria ya Marekani inayoyalazimisha makumbusho kuwarudishia mifupa ya wazee wao na vitu vyao vitakatifu. Sheria hiyo haigusi vya kwetu. Siandiki hili kwa kuwaonea wivu, bali nataka lijulikane.

Sasa nielezee kosa langu.

Kwetu huendi mzimuni mikono mitupu. Unachukua ubani, marashi, au hata sarafu. Mkobani nilikuwa na sarafu ya shilingi kumi ya Kenya, imebaki tangu safari ya mwisho. Nikaona vyema niiache. Nikainama chini ya ukuta, nikaichomeka kwenye ufa kati ya mawe mawili, nikasema maneno machache kwa Kigiriama, nikajisikia nimetimiza wajibu.

Chini ya kivuli, hatua kama ishirini, alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo akisuka. Alikuwa anafanya kazi hapo, anawaonyesha wageni usukaji. Aliniita kwa mkono. Kule kila mwanamke mzima huitwa Anti, awe ndugu yako au asiwe, kama sisi tunavyosema mama au shangazi, kwa hiyo nami nikamwita hivyo.

"Kile ulichoacha pale ni chako?" akauliza.

"Ndiyo, Anti. Ni sadaka."

"Naona umeitoa kwa moyo. Nenda ukaichukue."

Sikukasirika, lakini uso uliniwaka. Nikaenda kuitoa, na kuitoa kulikuwa kugumu kuliko kuitia, maana sasa niliogopa kuligusa jiwe. Niliporudi alisogeza mkeka nikae. Akanieleza kwamba kila siku wanaokota vitu vya wageni: sarafu, shanga, picha, mawe yaliyofungwa kwa majani ya mmea wauitao kī. Hayo ya mwisho ndiyo yanayowachosha zaidi. Wageni wamesikia kwamba ni desturi ya Kihawaii kufunga jiwe kwa jani na kuliweka hekaluni, wakati wazee wake yeye hawakumfundisha jambo hilo. Wengine hung'oa mawe ukutani ili wapange vijimnara vyao. Chuma nacho, kwa chumvi ile ya bahari, huota kutu na kutu hutia doa jiwe lisilotoka.

"Na tena," akasema, "kila mtu huacha kile ambacho kwao ni sadaka. Hakuna anayeuliza wa hapa wanataka nini."

Akaniuliza kama nilisema chochote kabla ya kuingia. Nikamwambia nilisema nilipoacha sarafu. Akatikisa kichwa. "Kabla ya kuingia." Kisha akanifafanulia kwamba kwao mgeni husimama nje na kuimba wimbo wa kuomba ruhusa, oli kāhea, akijitaja yeye ni nani na ametoka wapi. Mwenyeji humjibu kwa wimbo wa kumkaribisha, oli komo. Mwenyeji asipojibu, mgeni anabaki alipo.

Nilimwambia, "Anti, hiyo ni hodi."

Nikamweleza. Kwetu unasimama nje ya ua unasema hodi, walio ndani wanasema karibu. Unapiga hodi tatu. Usipoitikiwa mara tatu unarudi ulikotoka, hata kama unawasikia watu wanacheka ndani. Akalipenda neno, akalirudia mara kadhaa, hodi, hodi, na kwa kuwa linaishia na irabu lilimkaa mdomoni kama lake. Mimi huku nikawa nafikiria jinsi nilivyoingia pale. Nililipa getini, nikapewa ramani, nikapita. Mwana wa Kilifi, niliyefundishwa hodi kabla sijajua kuhesabu, nimeingia kwa watu kama ninavyoingia supamaketi.

Nikamuuliza nitoe nini basi. Akanirushia tita la majani. Yalikuwa majani ya mkadi, wao huyaita lauhala, na yana miiba kwenye kingo zote mbili na kwenye uti wa katikati upande wa chini. Kabla ya kusukwa lazima miiba itolewe. Unachana ukingo kwa ukucha, unavuta taratibu, uzi mrefu wenye miiba unatoka mzima. Ukiharakisha unakatika na unaanza upya. Nilifanya kazi hiyo kama saa moja hivi, mwanangu amelala kwenye leso kando yangu. Nimekua nikiona ukili wa miyaa mikononi mwa wanawake wa kwetu, kwa hiyo vidole vyangu havikuwa vigeni kabisa. Hatukuongea sana. Nilipoondoka alinipa jani moja lililokwishasafishwa, akasema hilo siyo la hekaluni, ni lake, na anaweza kumpa amtakaye.

Kuna neno aliloniambia ambalo nimelibeba. Nilisema "magofu", kwa Kiingereza, nikikusudia majengo yale yote. Akasema magofu ni nyumba iliyoachwa, na wao hawajaacha. Nilielewa uzito wake baadaye, niliposoma habari za Julai 2019, wazee zaidi ya 30 walipokamatwa barabarani kwenye mlima Mauna Kea wakizuia ujenzi wa darubini kubwa juu ya kilele. Walikuwa wameketi kwenye viti, wengine wamejifunika blanketi.

Nikirudi Kona jioni ile nilipita Lekeleke, mwisho wa barabara ya Aliʻi. Watalii wachache husimama hapo. Upande mmoja ni uwanja wa gofu, nyasi kijani kibichi zimekatwa sawasawa. Upande wa pili ni lava nyeusi, na juu ya lava marundo ya mawe, safu juu ya safu. Ni makaburi ya zaidi ya watu 300.

Kisa chake kinaumiza. Kamehameha, mfalme aliyeunganisha visiwa, alifariki Kona Mei 1819. Miezi michache baadaye mwanawe Liholiho, akishinikizwa na wajane wawili wa marehemu, Kaʻahumanu na Keōpūolani, aliketi mezani na wanawake akala mbele ya watu. Kwa tendo hilo moja kapu ilivunjika. Akaamuru mahekalu yabomolewe na sanamu zichomwe. Binamu yake Kekuaokalani alikataa, akashika silaha kuitetea dini ya wazee, wakapambana Kuamoʻo mwezi wa Desemba. Aliuawa, na mkewe Manono aliyekuwa akipigana ubavuni mwake akauawa pia. Wamishonari wa kwanza walifika mwaka uliofuata, 1820, wakakuta miungu imekwisha kuangushwa na wenyewe.

Nilikaa kwenye gari nikifikiria Kaya Fungo, mahali patakatifu petu Wagiriama. Sisi tumezoea kusimulia jinsi Waingereza walivyoilipua kaya yetu kwa baruti mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha watu wasitii. Tuna mtu wa kumlaumu, na lawama hiyo hutusaidia kusimama. Wao walibomoa kwa mikono yao, ndugu kwa ndugu, na mwanamke aliyechoshwa na kunyimwa ndizi na kula peke yake alikuwa na haki ya kuchoka. Manono naye alikuwa mwanamke, akafa akiutetea mwiko huohuo. Sina jawabu la hilo, na sidhani kama mgeni anatakiwa kuwa nalo. Niliteremka, nikasimama ukingoni mwa lava, nikasema hodi. Sikuingia. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini na mtu mmoja kwenye gofu alikuwa akiita mwenzake.

Siku ya nne tulikwenda kaskazini, Kawaihae, kuliona hekalu la Puʻukoholā. Mume wangu alikuwa na nafasi, tukaenda sote. Kamehameha alilijenga mwaka 1790 na 1791 kwa agizo la nabii aliyemwambia kwamba akimjengea mungu wa vita Kūkāʻilimoku hekalu juu ya kilima kile, ataviteka visiwa vyote. Masimulizi yanasema mawe yalitoka bonde la Pololū, zaidi ya kilomita 30, yakipitishwa mkono kwa mkono na mstari wa watu usiokatika. Ukilitazama kutoka chini unaliamini simulizi hilo. Ni jukwaa kubwa la mawe yenye wekundu, limekaa juu ya kilima kikavu kama kitu kilichoshuka. Huruhusiwi kuingia, na nilifurahi kwamba haturuhusiwi. Tetemeko la Oktoba 2006 liliangusha sehemu ya kuta, zikarudishwa kwa njia ileile ya zamani, jiwe kwa jiwe, bila saruji.

Sitapamba yaliyotendeka pale. Hekalu lilipokamilika, Kamehameha alimwalika binamu yake na mpinzani wake, Keōua. Keōua alikuja kwa mtumbwi akijua, akauawa alipokuwa akishuka pwani, na mwili wake ukatolewa sadaka hekaluni. Kufikia 1810 visiwa vyote vilikuwa chini ya mtu mmoja. Kilichonigusa mimi ni kilichotokea baadaye sana: mwaka 1991, miaka 200 kamili, wazao wa pande zote mbili walikutana hapo kupatana, na tangu hapo hukusanyika kila Agosti. Miaka 200 watu wamekaa na jambo, hawakulisahau na hawakulidharau. Kwenye koo zetu nazijua damu za miaka 40 ambazo hakuna aliyethubutu kuzitaja matangani.

Chini ya kilima, majini, kuna hekalu jingine, Hale o Kapuni, la miungu ya papa. Limezama, halionekani. Binti yangu alinyoosha kidole kuelekea maji kana kwamba ameambiwa.

Puʻu Loa nililiweka mwisho kwa sababu ni mbali, upande wa pili wa kisiwa, ndani ya hifadhi ya volkeno. Nikuonye: ukienda, nenda asubuhi, vaa viatu vya kufunika na beba maji zaidi ya unavyodhani unahitaji. Ni mwendo wa kilomita moja hivi juu ya lava tupu, hakuna mti wala kivuli, na joto linatoka juu na chini. Sikuwa nimesoma habari zake sana. Nilijua kuna michoro.

Kweli kuna michoro, zaidi ya 23,000, imechongwa juu ya lava: watu, mitumbwi, duara, mistari. Wamejenga njia ya mbao kuzunguka ili mtu asiikanyage. Lakini ukitazama vizuri unaona kwamba sehemu kubwa siyo michoro. Ni vishimo. Maelfu ya vishimo vidogo, vingine unaweza kutia ncha ya kidole gumba, vingine ni kama kikombe cha kahawa, vimejaa mwamba mzima. Vingine viko peke yake, vingine vimezungushiwa duara, vingine vimesongamana kama mashimo ya bao.

Kibao kilieleza. Watu walikuja na piko, kitovu cha mtoto. Walitoboa shimo, wakakiweka, wakakifunika kwa jiwe, ili mtoto aishi miaka mingi. Puʻu Loa ni kilima kirefu, na wao husema ni kilima cha maisha marefu. Familia za Kalapana, kijiji cha pwani ya jirani, ziliendelea na desturi hiyo kizazi baada ya kizazi. Kalapana yenyewe ilifunikwa na lava mwaka 1990. Nyumba hazipo, mitaa haipo. Vishimo vipo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka bahasha.

Ilikuwa begani mwangu, kwenye kipochi, na cheti. Niliitoa. Mikono ilikuwa inatetemeka, nasema kweli. Karatasi ilikuwa imejikunja pembeni na nilikisikia kile kipande ndani kikicheza, kama punje ya mchele. Mbele yangu, karibu kabisa na ubao niliosimama, palikuwa na kishimo kitupu cha ukubwa uleule. Mtoto wangu hana udongo. Amezaliwa ghorofani, anakulia ghorofani. Na hapa, katikati ya bahari ambayo sikuwahi kuiota, kuna watu wanaojua kitovu ni nini bila kuelezwa. Nikapiga magoti. Nikaweka mkono juu ya mwamba, nje ya ubao, nao ulikuwa wa moto kama kikaango.

Hakukuwa na mtu mwingine. Ningekiacha na asingejua yeyote.

Nikasema hodi. Kwa sauti, kwa Kiswahili. Nikangoja. Nikasema mara ya pili, nikajitaja jina langu, la mama yangu, la bibi yangu, na mahali pa mnazi wangu. Nikangoja. Nikasema mara ya tatu. Upepo tu, na mbali sana mstari mweupe wa mawimbi.

Nilifikiria yule Anti na zile sarafu anazookota kila siku. Kila kishimo pale kilikuwa cha mtu, mwenye baba na mama na mahali pa kulala, na familia yake bado inaishi kisiwa hichohicho. Kishimo kitupu hakikuwa kitupu. Nikaifunga bahasha, nikairudisha kwenye kipochi, nikafunga zipu. Binti yangu aliamka mgongoni akaanza kulia kwa ajili ya jua, nikamfunika kichwa kwa pindo la leso, tukarudi kwenye gari.

Simu ilipata mtandao tulipofika juu, karibu na lango la hifadhi. Ilikuwa kumi na mbili jioni kule. Kilifi ilikuwa saa moja asubuhi ya siku ya pili, na nilisikia nyuma ya Mama ufagio wa chelewa ukifagia ua. Nilimsimulia yote bila kupumzika: vishimo, maelfu, watu wanaofanya kama sisi.

"Ukakizika?" akauliza. Ufagio ulinyamaza.

"Hapana, Mama."

"Kwa nini?"

"Nilipiga hodi tatu. Sikuitikiwa."

Akakaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nilipopata habari kwamba amezaliwa niliotesha nazi. Iko kwenye ndoo kuukuu hapa kisimani, imefika kiunoni mwangu sasa, na kila anayepita ananiuliza kwa nini siipandi chini. Kilete, mwanangu."